Kizuizi ni Kanisa Lenyewe

Nyumba za Reli, Nsambya,
Kampala.
Jumapili, 9 Machi 1975

Kwa Padri Pettifer,
Kanisa la Mtakatifu Botolf,
Little Mardham, Norfolk, Uingereza.

Padri mpendwa,

Pole na baridi. Mimi ni Concy, mama yake Adong, yule nesi wenu. Mwanangu ameniambia uliishi Machakos miaka tisa na Kiswahili unakijua, kwa hiyo naandika mwenyewe ingawa shule niliiachia darasa la tatu. Nikikosea herufi, soma kwa sauti, utasikia ninachotaka.

Adong anasema unasimama mbele ya watu Jumapili tatu na kutangaza kwamba ataolewa na kijana Alwyn, mpiga kengele, na kwamba mtu anayejua kizuizi aseme. Mimi niko mbali, nikisema hutanisikia, basi nasema kwa barua. Kwa Alwyn sina neno, picha yake nimeiona, ana masikio ya mtu msikivu. Kizuizi ni kanisa lenyewe.

Tena mabwana wawili wenye adabu, kutoka ofisi moja ya hapa mjini, walikuja kuniuliza binti atarudi lini kulitumikia taifa. Walikunywa chai bila sukari, maana sukari haipo, na hawakulalamika. Wakaniambia niandike barua ya kumwita, nao watapita kesho kuisoma kabla haijaenda posta. Hivyo kila ninachosema hapa kina mashahidi.

Krismasi Adong alinitumia kalenda ya makanisa ya vijiji vya Norfolk, kumi na mawili, kila mwezi na lake. Hatukungoja miezi, tuliifunua yote siku ile ile, mimi na majirani. Adong anasema kanisa lenu lina kila kitu kilichomo katika kalenda nzima. Ndipo wasiwasi ukanishika. Vizuizi ni hivi:

1. Umri. Limejengwa miaka mia sita iliyopita na bado ni lile lile. Padri, muda wote huo hamjapata nafasi ya kujenga jipya? Mnara ni wa duara kama ghala la mtama la mama yangu, ila ghala la mama lilikuwa na kifuniko.

2. Sista Séraphine, mtawa kutoka Bukavu anayetufundisha kushona, anasema makanisa hayo yalikuwa yetu sisi Wakatoliki. Halafu mfalme wenu mmoja akataka mke mwingine, akayachukua na viti vikiwa ndani, akawapa watu wake. Nilishika kichwa. Nchi gani hiyo, mtu anaamka anakuta mahali pake pamepewa mwingine na kila kilichomo? Hapa kwetu jambo kama hilo haliwezekani, na mabwana watakaosoma watanithibitishia.

3. Sakafu. Mmezika watu humo ndani na majina yao yako chini ya viatu. Kwetu hata miguu ya mtu aliyelala huiruki. Sasa bibi harusi apite na visigino juu ya vifua vya wazee wa watu?

4. Mwezi wa Agosti. Bwana wa jiwe na mke wake wamelala chali karibu na madhabahu, viganja pamoja, mbwa miguuni. Jirani yangu Marie-Louise, Mkongo anayeuza vitenge Nateete, alipoiona picha alivua kilemba akauliza mazishi ni lini. Nikamwambia, mama, ni miaka mia sita sasa. Akauliza kama mbwa naye anangoja. Padri, wamelala muda wote huo na hakuna aliyekuja kuwaamsha na kuwauliza kitu. Huo ni uvivu, na mwanangu ni mwepesi wa kuiga.

5. Mwezi wa Septemba. Juu ya nguzo kuna uso wa mtu, majani yanamtoka mdomoni. Marie-Louise anasema alifumaniwa na sombe, kisamvu cha kwao, kabla ya sala ya chakula. Shemeji yangu Oryem anasema hapana, huyo aliulizwa jambo akaona heri ajaze mdomo.

6. Novemba ndiyo mbaya. Ukutani wamechorwa watu uchi wanatiwa chunguni, na askofu yuko mbele na kofia yake. Adong atawezaje kusema "nakubali" huku anatazama chungu?

7. Mlango wa kaskazini. Eti zamani mliufungua wakati wa ubatizo ili shetani atoke, kisha mkaufunga. Alitoka akaenda wapi? Mtu aliyezoea moto hawezi kukaa Norfolk. Lazima alitafuta nchi ya joto. Mngemuuliza kwanza anaelekea wapi.

8. Kanisa linatosha watu mia sita, na Jumapili mko kumi na mmoja, na mmoja wenu ni mpiga kinanda. Nani atapiga vigelegele? Hapa watu wanasali nje ya madirisha kwa kukosa pa kukaa.

Halafu jina. Kwetu Adong ni aliyebaki. Nilimpa jina hilo kwa sababu baba yake alifariki kabla hajazaliwa, akabaki yeye na mimi. Halikuwa agizo la kubaki Ulaya.

Kwa hiyo naomba usimfungishe ndoa huko. Au kama ni lazima iwe kanisa hilo, lileteni. Oryem ni karani wa mizigo hapa relini, amepiga hesabu: kutoka Mombasa ni mabehewa arobaini na moja. Kila jiwe liandikwe namba kwa chaki. Yule bwana na mkewe wapande daraja la pili, mbwa akae na mlinzi wa treni. Askofu wa chunguni afunikwe shuka, njiani kuna watoto. Mnara, kwa kuwa ni wa duara, uviringishwe. Alwyn aje na kengele zake, na ninyi kumi na mmoja mje, nyumba ni ndogo lakini mikeka ipo. Mlango wa kaskazini uacheni huko huko.

Wasalimie wote kumi na mmoja, na mpiga kinanda mara mbili. Msalimie bwana wa jiwe na mama yule. Mbwa mpapase.

Ni mimi mwenye vizuizi,
Concy, mama yake Adong

Nyongeza. Padri, karatasi hii haikupita posta. Nimeishona ndani ya pindo la gomesi, gauni la kwetu atakalovaa Adong harusini, na Sista Séraphine, anayekuja huko masomoni, ataileta kwa mkono. Mabwana walisoma barua, mmoja akacheka kwa ajili ya mbwa mpaka akafuta macho. Wakasema huyu mama kweli anamtaka mtoto wake nyumbani, wakaifunga wenyewe. Nadhani sasa watamwacha Oryem kazini, maana walisema nisipoandika atafukuzwa. Wewe vifute vizuizi vyote. Wafungishe Jumapili ya kwanza inayowezekana, na ule mlango wa kaskazini utie komeo, yule aliyetoka asije akakumbuka nyumbani. Sakafuni Adong apite polepole, awaombe radhi wazee. Agosti nimeichana, nimeibandika juu ya kitanda changu. Mama yule amelala kando ya mumewe miaka mia sita na hakuna aliyewagongea mlango. Nataka mwanangu alale hivyo. Maana ya jina lake nimekuandikia, na jina nilimpa mwenyewe. Basi abaki.