Aibu Tuliyoletewa Ujerumani na Kipindi cha Joyline

Mheshimiwa mgeni wa heshima uliyekwama kwenye foleni ya Ngong Road, mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wake, wachungaji, malandilodi wote wa Jamhuri, mabibi na mabwana, pamoja na mimi mwenyewe Mzee Lazarus Kaindi, Mwenyekiti wa Maisha wa Kamati ya Kulinda Sura ya Taifa Kwenye Vichekesho, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu.)

Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini leo wenye digrii ndio hunishikia mwavuli, na majuzi nilienda Ujerumani kwa benchimaki, yaani kujifunza kwa wenzetu, siku kumi na tisa, nikafika hoteli, msichana wa mapokezi akasoma pasipoti yangu, akacheka mpaka akashika meza, akaniuliza, "Wewe ni mwenyekiti kutoka Kenya? Kile choo cha soko kilikwisha?" (Kicheko kikubwa.) Nyamazeni! Alikuwa ameona mtandaoni kipindi cha vichekesho cha huyu Joyline aliyekaa hapa mbele, ambamo mwenyekiti mwenye tumbo anaahidi choo miaka kumi na moja. Sasa Mjerumani anafikiri Mkenya ni mtu wa maneno tu! ("Kwani uongo uko wapi?" sauti kutoka nyuma.)

Utafiti wa kamati, nilioufanya peke yangu, unaonyesha asilimia mia moja na arobaini ya wageni wametuelewa vibaya. Kwa hivyo, kwa mujibu wa stratejia na fremuweki, kipindi hicho kinafungwa leo, na waigizaji wote kumi na wawili watahamia studio yetu ya kisasa pale Dagoretti Corner, orofa nne, lifti mbili, watengeneze vichekesho vya heshima visivyochekesha mtu yeyote. (Joyline anasimama: "Mzee, watoto wangu wanakula hiyo kazi. Studio tunaingia lini?") Keti, mama, imefika asilimia tisini na nane. ("Si twende basi utuonyeshe, ni hapo tu!") Jua ni kali, mama.

Sura ya taifa? (Watu wanaangalia simu zao.) Nimesema, sura ya taifa? ("Hoyee," mmoja.) Vichekesho safi, wageni watuheshimu! Mwenyekiti tena na tena!

Namalizia kwa shukrani. Asante Joyline kwa kusaini barua ya kufunga kipindi kabla hujaisoma. Lakini shukrani kubwa zaidi ni kwa Mzee Muigai, mwenye ploti ya Dagoretti Corner tunayosema ina studio, ambaye mpaka asubuhi hii alikuwa akichuma sukuma wiki yake pale kwa utulivu, bila kulalamikia studio hata siku moja, maana hakuna mtu wa kamati aliyewahi kumwambia.