Maisha ya Babu kwa Kurasa Kumi na Sita

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Bibi katangaza: atakayemletea maisha ya marehemu Babu yakiwa kitabu, kikao cha ukoo cha Jumamosi, ndiye katibu wa ukoo. Shemeji, mume wa dada yangu, kaung'ang'ania ukatibu miaka tisa. Tisa! Na ile kalamu yake ya mfukoni. Safari hii atanikoma. Nimeandika kurasa kumi na sita kwa mkupuo. Babu anazaliwa ukurasa wa nne, anasoma wa tano, anaoa wa nane, anapata watoto wa kumi, anazikwa wa kumi na nne. Tatu za mwanzo ni jina la kitabu na picha zangu.

Jumanne, tarehe 7
Kwa mchapaji. Karatasi nne tu, kila moja ikunjwe katikati, ziingizwe moja ndani ya nyingine. Sawa. Mara naona kwenye kompyuta yake ukurasa wa kwanza umekaa ubavuni mwa wa kumi na sita! Wa pili na wa kumi na tano! Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema ndivyo vijitabu vinavyopangwa. Makubwa! Nani anahesabu moja, kumi na sita? Halafu nikakumbuka: kadi za harusi ya Shemeji zilichapwa hapahapa. Hujuma! Nikaamuru moja ikae na mbili, tatu na nne, kama watu wenye akili zao. Akataka nitie sahihi kwamba nimetaka mwenyewe. Nikatia, kwa mbwembwe.

Jumatano, tarehe 8
Mke wangu kachukua karatasi tupu nne, kazikunja, kaandika namba, kazifungua. Kweli, moja ilikuwa kando ya kumi na sita. Nikageuza karatasi. Nikageuza kichwa. Sikuelewa, kwa hiyo nikamweleza: karatasi tupu si kitabu. Akasema haya baba, yeye hayumo.

Ijumaa, tarehe 10
Nakala thelathini! Kukunja, kutoboa, kushona. Sindano ya godoro, uzi wa mke wangu. Vidole vitatu vimetoka damu. Nakala ya tano nimeishona pamoja na mkono wa shati langu. Sijasoma ndani, ya nini, si nimeandika mimi? Ila jina la kitabu limeangukia jalada la nyuma. Nimeamua huo ni unyenyekevu.

Jumamosi, tarehe 11
Aibu yangu! Shangazi, kifungua mimba wa Babu, alisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Babu akapata watoto. Akazikwa. Kisha akaoa. Kisha akaanza shule. Mwisho kabisa akazaliwa. Shangazi akavua miwani, akauliza ina maana yeye alizaliwa kabla ya ndoa? Ananiuliza mimi! Nikasema ni mchapaji. Mchapaji, niliyemwalika mwenyewe ashuhudie ushindi wangu, akatoa karatasi yenye sahihi yangu.

Bibi alishika nakala yake, machozi yakimlengalenga. Akasema alitaka tu kumsikia mzee wake akiishi tena, mara moja. Hapo moyo uliniuma, sitaki kusema uongo.

Shemeji akavuta kiti kando ya Bibi. Akafuata namba za kurasa, mbele, nyuma, katikati, tena nyuma, akamsomea yote kwa mpangilio, hadi mazishi. Bibi akacheka kwenye harusi, akalia panapostahili. Ukatibu kampa Shemeji. Tena!

Jumapili, tarehe 12
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona, nashangaa sikuliona mapema. Ni zile namba za kurasa! Bila namba, Shemeji angefuata nini? Nani angejua kipi kinatangulia? Toleo la pili halitakuwa na namba hata moja. Nimeshamwandikia mchapaji. Kajibu niende nikatie sahihi.