Ombi la Kuwafuta Wakulima Wasiolima Katika Daftari la Kijiji

Kwa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha Kasanzi, Bonde la Mpimbwe.

Ndugu Mtendaji,

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na safari hii uhusike kweli, maana barua yangu ya mwezi wa kumi na mbili niliikuta stendi imefungiwa karanga.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na kazi niliyoichagua mwenyewe, bila kulazimishwa na njaa wala na baba, ni kilimo. Nina eka nne za mpunga hapa bondeni. Nina buti, nina kofia, nina daftari la kuandikia mvua. Wenzangu walipokimbilia Mpanda mjini kuendesha bodaboda, mimi nilibaki. Sasa najuta, na ninayemlaumu ni wewe na daftari lako la wakazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika daftari hilo kila asiye na kazi ameandikwa "mkulima". Kelvin wa kijiweni, anayecheza drafti kuanzia asubuhi na jembe analijua kwa kulisikia tu, ni mkulima. Ulimuuliza kazi yake, akajikuna kichwa, ukamwandikia. Mwalimu hapatikani hivyo. Hata kinyozi hapatikani hivyo.

2. Wiki iliyopita redio ilitangaza kwamba kuna mtu amekamatwa na baiskeli tatu zisizo zake, "mkulima, mkazi wa Bonde la Mpimbwe". Baiskeli tatu, msimu wa palizi! Mkulima gani ana nafasi hiyo?

3. Mzee Enoka, tuliyemzika mwaka juzi na wewe mwenyewe ukasoma salamu za serikali, bado yumo daftarini kama mkulima. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kwamba msimu uliopita alivuna sawasawa na Kelvin. Viboko wa mtoni wanaokula mpunga wangu angalau wanafika shambani kila siku, na ukiamua kuwaandika wao sitapinga.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita mjomba wangu Ubaldo alipeleka barua yangu ya posa Kasekese, kwa Mzee Kassiani, baba yake Helena. Kwenye kazi niliandika kwa herufi kubwa: MKULIMA. Mzee akaisoma, akaikunja, akamrudishia mjomba na kumwambia, "Mwambieni kijana akishapata kazi alete nyingine." Mjomba akajaribu kueleza. Mzee akamjibu kwamba hata yeye ana wakulima watatu, vijana wake, na muda huo wamelala ndani. Ndugu Mtendaji, nampenda Helena. Sijawahi kumwandikia mtu wa serikali maneno kama hayo, lakini ndiyo hali halisi. Mzee amenipa hadi mavuno yaishe, na kuna mwalimu wa Sitalike ameshatuma mshenga.

Kwa hiyo naomba ufute wakulima wote. Ukishawafuta, tangaza nafasi upya, kwa usaili, kama kazi nyingine. Kila mwombaji aonyeshe viganja, na asiye na sugu arudi nyumbani. Aingizwe kwenye jaruba atenganishe mpunga na magugu yanayofanana nao, akiwa ameinama, siyo kwa kuangalia kwenye simu. Atakayefaulu apewe cheti chenye picha, na likizo kila mwaka. Atakayefeli aandikwe "hana kazi", hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Atakayekutwa anajiita mkulima bila cheti ashtakiwe kama mtu anayejifanya daktari, na jembe lake litaifishwe.

Najua utaniuliza nani atawasaili. Nipo tayari kuongoza jopo hilo bila posho. Nina uzoefu wa miaka mingi wa kusimama kwenye tuta na kuangalia kazi inavyokwenda. Naomba tu cheti changu kitangulie, kabla ya mavuno, na mhuri uugonge kwa nguvu ili Mzee Kassiani ausome bila miwani.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji. Kelvin usimsalimie.

Wako, mwenye matope hadi magotini,

Telesphor
Mkulima (anayelima)

NB: Barua hii anakuletea mama yangu, Scolastica. Tafadhali usimcheleweshe kwa maongezi, palizi haijaisha. Katika daftari umemwandika "mama wa nyumbani". Naomba hapo usipaguse, na siku ya usaili asiitwe kabisa. Eka zote nne analima yeye, na akishapewa cheti chake, mimi utaniandika nani?