Uzinduzi wa Kituo cha Chaja Salama, Ufuoni Sindo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye mwenyewe yuko njiani tangu juzi, Bwana Chifu, Bwana Naibu wa Chifu, Mwenyekiti wa ufuo wa Sindo, pamoja na mwenyekiti aliyemtangulia, ambaye bado hajakubali, wachungaji wa madhehebu yote yaliyosajiliwa na yale yanayoendelea kusajiliwa, wazee wa Nyumba Kumi, akina mama wa dagaa wa omena, wavuvi mliovuka maji kutoka Remba mkiwa mmepakata betri zenu kama watoto wachanga, vyombo vya habari, yaani wewe ndugu mwenye simu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, izingatiwe sasa. Amosou duto, nawasalimu nyote! (Makofi ya watu saba.)

Mimi mnanijua. Asiyenijua amwulize anayenijua. Ni Mhandisi Austine Oyaro, Kaimu Naibu Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kuratibu Uchaguzi wa Chaja Salama kwa Betri Kubwa za Lithiamu. (Sauti ya mama mmoja: “Mhandisi wa nini?”) Wa moyo, mama. Wa moyo.

Ndugu wananchi, kabla sijaukata utepe huu, na ninawaomba mbaki pale mlipo, hatua arobaini kutoka kituoni kwa sababu za kiusalama ambazo ni za siri, nataka niwape historia. Karabai imestaafu. Leo mvuvi wa omena anawasha taa yake kwa betri ya lithiamu, betri kubwa kama tofali, yenye seli nene ambazo kila moja ina nguvu kuliko ahadi yangu ya mwaka jana. (Kicheko kirefu.) Asanteni kwa kuniunga mkono. Sasa betri hizo zinachajiwa na nini? Kamati ilifanya utafiti wa kina, from the grassroots, ikabaini kwamba asilimia mia moja na tatu ya betri za ziwani huchajiwa na chaja, na asilimia iliyobaki bado inachunguzwa.

Ndipo tukaingia katika zoezi la kuchagua chaja. Tulifanya vikao kumi na vinne katika hoteli moja mjini Migori yenye kuku wa kienyeji wa kuaminika, tukaweka chaja tisa mezani, tukazipima kwa vigezo vitatu vya kimataifa: rangi, uzito, na jinsi chaja inavyopendeza pichani. Chaja nyekundu ilipata alama tisini na nne. Ilikuwa na mpini wa kubebea na sindano inayocheza kwenye kioo, na mjumbe mmoja alipoiona alitokwa na machozi.

(Sauti ya mwanamke: “Na volti?”)

Nitafika huko. Huyu anayenikatiza, kwa wageni wasiomfahamu, ni Bi Roseline, fundi wa betri, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya posho mill, pale panaposagwa unga. Ni mdau muhimu. Angekuwa muhimu zaidi akinyamaza. (“Wacha aongee!”) Ataongea, jamani, maana hata siku ile aliongea.

Siku ile ninayoitaja ni Jumanne, majuma matatu yaliyopita, Kamati ilipofanya maonyesho ya hadharani pale kwenye banda la samaki. Akina mama walikuwa ndani na magunia yao. Tulihitaji betri, na Bwana Joash, mvuvi wa Remba, huyu hapa mwenye mkono uliofungwa bandeji, akajitolea ile yake moja aliyo nayo. Simama, Joash, wakuone. (Joash hasimami.) Amekaa kwa unyenyekevu.

Basi nikaitoa chaja nyekundu kwenye boksi, nikainua juu kama mchungaji anavyoinua Biblia. Bi Roseline akaja mbele bila kuitwa, akaigeuza betri, akasoma karatasi iliyobandikwa chini, halafu akasoma ya chaja. Akaniambia, “Mkubwa, usiweke hiyo.”

Nikamwuliza kwa nini. Betri imeandikwa kumi na mbili, chaja imeandikwa kumi na mbili. Hata mtoto wa nasari angeona ndoa hiyo ni halali.

Akasema, “Kumi na mbili ni jina tu. Hii iko na seli tatu. Kila seli inajaa ikifika volti nne nukta mbili. Zote pamoja ni kumi na mbili nukta sita, hapo mwisho. Hiyo chaja yako ni ya betri ya gari, ile ya asidi. Itasukuma mpaka kumi na nne na zaidi, na haijui kuacha. Tena hii ya Joash, ule ubao mdogo wa ndani, unaokata umeme ikijaa, ulitolewa na aliyemuuzia. Nilimwambia.”

Nami nikamwuliza, kwa upole wa kiuongozi, “Mama, wewe umekaa vikao vingapi?”

Akasema, “Hata kimoja.”

Nikasema, “Basi.”

Joash alimtazama Bi Roseline, akanitazama mimi, akalitazama koti langu. Akachagua koti. Huo ndio uzalendo, ndugu zangu!

Tukachomeka. Nikaanza hotuba yangu, iliyokuwa fupi kuliko hii, kurasa ishirini. Nilipofika ukurasa wa kumi na tatu, betri ikaanza kufura kama mandazi kwenye mafuta. Nikawatangazia wananchi kwamba huo ni ukuaji. Nilipofika wa kumi na nne ikaanza kupiga mluzi, ukatoka moshi mweupe wenye harufu ya utamu wa ajabu, na Bi Roseline akapaza sauti kuliko kipaza sauti changu: “Tokeni! Mama zangu, tokeni wote, wachaneni na magunia!” Mimi nilitekeleza zoezi la evacuation mara moja, nikiongoza kutoka mbele. Mbele sana. Nilipogeuka nilikuwa kanisani.

(Sauti: “Na Joash?”)

Joash alirudi kuokoa betri yake. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwenye betri moja hawezi kuiacha iungue akiitazama tu. Aliishika kwa mkono wa kulia, na hapo hapo ikalipuka moto. Bi Roseline alichomoa waya ukutani, akamvuta Joash kwa ukosi wa shati, akachukua jembe la mfagiaji, akaikokota ile betri inayowaka mpaka nje kwenye mchanga mtupu, akafukuza watu wote, akaiacha iungue peke yake mpaka ikaisha. Magunia sita ya omena yaliteketea. Hakuna mama hata mmoja aliyeungua. Kamati ilirekodi ufanisi wa asilimia tisini na tisa, kwa kuwa katika watu mia moja waliokuwepo aliyeungua ni mmoja.

(Joash: “Huyo mmoja ni mimi.”)

Naam.

(Joash: “Huu mkono ndio wa kuvuta wavu. Nimekaa nyumbani siku hizi zote, wenzangu wakitoka. Ulisema iko salama, mkubwa. Mbele ya watu.”)

Nilisema. Nilimwona pale zahanati, ameloweka mkono kwenye beseni, nami nilikuwa nimebeba chungwa moja tu na sikujua nilishike vipi... Samahani. Hapa karatasi yangu imeandikwa: “Subiri makofi.” (Hakuna makofi.) Tuendelee.

Kutokana na tukio hilo, Kamati iliketi tena vikao sita, ikatafakari, ikamsikiliza mtaalamu, yaani mimi nikimnukuu Bi Roseline, na ikaazimia kwa kauli moja kwamba chaja iwe ya lithiamu kwa betri ya lithiamu, na si ya asidi kwa kila kitu. Kwamba volti za mwisho za chaja zilingane na idadi ya seli, seli tatu kumi na mbili nukta sita, na kadhalika na kadhalika...

(Roseline: “Si kadhalika. Kuna lithiamu za aina ingine, seli nne, mwisho wake ni kumi na nne nukta sita. Msome karatasi ya betri kwanza. Kama karatasi imebanduka, mniletee nipime.”)

...kama nilivyokuwa nikielekea kusema. Kwamba ampea za chaja zisizidi zile ambazo betri imeandikiwa, maana kulisha haraka si kulisha vizuri. Kwamba chaja iwe inajua kuacha yenyewe. Na kwamba betri iliyofura...

(Roseline: “Haichajiwi. Hata kidogo. Na ikiwa mpya pia, usichaji kwa kitanda, usichaji ukienda sokoni.”)

...haichajiwi. Ndugu mwenye simu, hapo utaikata sauti yake uweke yangu.

(Mvuvi mwingine wa Remba: “Omera, maliza! Tumekuja na betri ishirini, na boti zimelala. Redio ilisema leo tunachaji bure. Tuchaji wapi?”)

Swali zuri sana, na linaonyesha ukomavu wa kisiasa. Kituo hiki mnachokiona kina chaja arobaini, zote za lithiamu, na kitahudumia wavuvi elfu tisa kwa siku, na mia nne kati yao kwa wakati mmoja. Sasa nikisema “Chaja salama,” mnaitikia “Oyee!” Chaja salama! (“Iko wapi?”) Volti sawa! (“Iko wapi?”) Kamati juu! (Vicheko.) Hiyo ndiyo roho ya Sindo!

Sasa shukrani, ero kamano. Namshukuru Mwenyekiti wa ufuo kwa kiwanja alichotuonyesha kwa kidole. Namshukuru aliyetuazima jenereta, ambayo mnaisikia ikinguruma vizuri ingawa haijaunganishwa na chochote. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Nyamongo, mchoraji mabango, ambaye kwa siku mbili tu, bila kulala, alituchorea kituo hiki kizima: mlango, madirisha, chaja arobaini ukutani, hata askari wa lango mwenye tabasamu. Waheshimiwa mlioketi hapa jukwaani, tafadhali msiegemee ukuta. Rangi haijakauka, na ukuta ni turubai.

(Upepo wa ziwa unapiga. Kituo kinajaa hewa, askari wa lango anakunjika kiunoni. Watu wanasimama na betri zao. Roseline anambebea Joash kiti chake, na wote wanamfuata fundi kuelekea kibanda chake nyuma ya posho mill.)

Naona wananchi wanatawanyika kwa furaha, kila mmoja akiwa na mwelekeo. Tafadhali, wawili wenye nguvu wabaki wanisaidie kufungua kamba na kukikunja kituo polepole, kianzie upande wa madirisha. Kinatakiwa Isebania saa tisa, kikazinduliwe.