Notisi kwa Mzee Zedekiah

Jumatatu, 4 Julai 1988
Tangu Mungu alipompaka pundamilia mistari, hajatokea fundi wa rangi kama mimi, Maingi wa Kaloleni. Na Mungu mwenyewe alitumia rangi mbili tu! Kibao cha hoteli ya Mzee Zedekiah, kule Kariobangi, nilikipaka saba. Kikombe cha chai, mvuke unapanda, unageuka mawingu. Watu husimama wakasahau waendako. Lakini mia mbili yangu? Tangu Pasaka ni "kesho, omera", yaani ndugu kwa Kijaluo chake. Na Jumamosi kuna densi ukumbini. Benta kakubali twende, mradi nivae kama mtu. Suruali yangu ya bagi iko tayari kwa Mutisya, fundi cherehani. Hatoi bila pesa.

Jumanne
Notisi! Alipe kabla sijampeleka korti ya Makadara. Dada yangu Nthoki, karani, akasema nimpe asome kwanza. Nikamwambia sheria iko damuni mwangu. Niliwahi kuitwa shahidi kesi ya kuku. Nikaichora kwa brashi, herufi nyekundu zenye kivuli: "Mimi Maingi, mdaiwa, nakupa wewe Zedekiah, mdai, hadi Ijumaa. Mia mbili zilipwe, la sivyo korti." "Mdai" ni neno fupi, kama mbuzi aliyekatwa mkia. Nikampa yeye hilo. "Mdaiwa" lina heshima. Nikalala, nikaota jaji ananipigia saluti.

Jumatano
Mzee aliisoma polepole, midomo ikicheza. Akarudia. Akatabasamu! Chai ya bure, mandazi mawili. Akaniita kijana mwaminifu, akaomba nitie sahihi mbele ya wateja. Nikatia, na ua pembeni. Amekwisha! Nikarudi kwa miguu ndani ya ukungu. Kila moshi wa jiko ulikuwa nywele za Benta.

Ijumaa
Notisi yangu iko ukutani, ndani ya kioo! Nikanyoosha mkono. Mzee naye akanyoosha wake. Siku imefika, mwanangu, akasema, lete mia mbili zangu. Hoteli nzima kicheko. Dereva mmoja wa kaunsili akaniuliza kama sijui mdaiwa ndiye anayelipa. Nikamwambia Kaloleni ndivyo tunavyosema. Akasema na yeye kazaliwa Kaloleni. Mwishowe Mzee akanionea huruma: nisahau kibao, naye asahau deni. Nikamshukuru sana! Nilifika Jogoo Road ndipo nikajiuliza nimeshukuru nini.

Jumamosi
Densi niliisikiliza nje, chini ya dirisha. Besi inatetemesha ukuta. Nikafumba macho, nikacheza na Benta wimbo mzima, miguu haigusi chini. Nikafumbua, nikachungulia. Anacheza na Mutisya. Ndani ya suruali yangu! Na imemkaa, mshenzi.

Jumapili
Si Mzee, si Benta, si korti. Nakubali, kilichoharibika kweli ni kimoja: ile "wa" ya mwisho. Maana yake sikuijua. Nilipenda tu W inavyochoreka, kama ndege anayeruka. Sasa nimeelewa kabisa. Mutisya atanitambua. Nthoki yuko mlangoni, anabembeleza asome kwanza. Nimetia komeo. Brashi imeshaanza: "Mimi Maingi, mshtakiwa..."