Mtamba wa Waruguru na Viatu vya Dhahabu

Jumatatu, 28 Julai 2025

Wasike amefungua kibanda cha gemu. Mkabala na changu! Kitengela yote hii, na vumbi lake lote, hakuona mahali pengine. Ana skrini mbili, mimi niko na tatu. Lakini amepaka rangi. Wateja wangu wanapenda rangi.

Likizo ya Agosti inaanza wiki hii na wanafunzi watajaa. Dawa ya Wasike nimeipata: Boot Republic, gemu mpya ya mpira, inatoka tarehe nane. Ukilipia mapema toleo la Mfalme, unaongezewa viatu vya dhahabu ambavyo wachezaji wako watavaa uwanjani. Wasike hatakuwa navyo. Nataka mashine zangu zote tatu ziwe navyo. Kilichobaki ni pesa tu.

Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda Bisil. Waruguru, mke wangu, ana mtamba huko kwa Ledama, mfugaji anayemtunzia, maana ploti tunayopanga haina nafasi hata ya kuku. Alimnunua kwa mandazi ya miaka mitatu, akampa jina Nashipai. Anatarajiwa kuzaa Septemba. Akishazaa, Waruguru anasema, ataachana na moshi wa mandazi unaomkohoza na kuuza maziwa.

Nilimwambia Ledama nataka kuuza ndama tu, yule wa tumboni. Alicheka hadi akaishika fimbo kwa mikono miwili. Akasema kwao mtu hanunui kitu ambacho bado hakijasimama kwa miguu yake. Je, kikitoka na miguu mitatu?

Basi nikauza ng'ombe mzima. Mnunuzi hata sikumwona, Ledama ndiye aliyeshughulika naye. Aliniuliza kama Mama Judy, yaani Waruguru, amekubali. Nikasema ndiyo. Sikuweza kumtazama machoni, nikamtazama Nashipai, na hilo lilikuwa kosa jingine. Lakini nitamkomboa likizo ikiisha. Hata hatakuwa amezoea kwao kupya.

Alhamisi, 31 Julai

Nimelipa! Mara tatu!

Wasike alivuka barabara akaniuliza kwa upole kama kuna mtu yeyote ninayemjua ameicheza hiyo gemu. Nikamwambia nimeona video. Akasema video hutengenezwa na muuzaji. Yeye atangoja wengine waumie kwanza, wakisifu ndipo anunue. Mwoga!

Nimebandika tangazo: Shindano la Viatu vya Dhahabu, Jumamosi tarehe tisa. Gemu za zamani nimezifuta zote kupata nafasi. Waruguru aliniuliza Nashipai anaonekanaje. Nikasema amenenepa. Si uongo.

Ijumaa, 8 Agosti

Imetoka. Imepakuliwa tangu asubuhi, ikala bando zote za intaneti, ikafunguka saa kumi jioni. Viatu vinang'aa ajabu! Kipa wangu alizama kwenye nyasi hadi kiunoni, akakaa humo mpaka mapumziko. Hilo ningelivumilia.

Kisha nikachomeka pad ya pili, ile ya kushikwa na mchezaji mwenza. Kimya. Nikabadilisha. Kimya. Nikasoma maandishi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya Julai. Watu wawili kucheza kwenye skrini moja, hilo litaletwa baadaye. Kwa sasa kila mtu acheze na wenzake kupitia mtandao, akiwa nyumbani kwake.

Nyumbani kwake! Kazi yangu yote ni watu wawili kwenye benchi moja wakitukanana. Nani ataacha kochi lake aje kucheza peke yake mbele yangu mimi Ngigi? Nikaomba nirudishiwe pesa. Wakajibu kwa adabu sana kwamba gemu ikishafunguliwa ni yangu. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nimelipia mara tatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Walikuja thelathini na mmoja. Njuguna, mteja wangu wa miaka yote, alikaa dakika kumi na pad isiyofanya kazi, kwa heshima tu. Kisha akasema, "Baba Judy, wacha nivuke kidogo nione huko kukoje." Wakavuka wote. Wasike anachezesha gemu ya mwaka juzi, na kelele zao nimezisikia mchana kutwa. Mimi nilibaki na kipa wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada, Immaculate, mke wa Wasike, alimweleza Waruguru kwamba mumewe amemnunulia mtamba mzuri kule Bisil. Pembe moja imepinda. Anaitwa Nashipai.

Nyumbani Waruguru hakupiga kelele. Aliniita Ngigi, si Baba Judy. Aliuliza swali moja tu: kwa viatu? Ambavyo hakuna mtu anayeweza kuvaa? Akaenda kukanda unga wa kesho, huku akikohoa.

Naona aibu. Nimeandika hivyo na sifuti. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu amefika hata watoto hawajakua.

Jumatano, 27 Agosti

Boot Republic imerekebishwa. Kipa anasimama. Wawili wanacheza kwenye skrini moja. Inauzwa nusu bei, na viatu vya dhahabu anapewa kila mtu bure. Wasike ameinunua leo. Shule zimefunguliwa juzi.

Waruguru bado ananiita Ngigi. Kikohozi chake nakisikia hadi kibandani, au nadhani nakisikia. Naapa hapa kwa maandishi: sitalipia tena kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku njema! Nilivuka kwa Wasike kwa unyenyekevu, nikamwomba aniuzie Nashipai. Haiwezekani, Immaculate ameshampenda. Lakini ndama anaweza kuniachia, yule wa tumboni, nikimpa mashine moja na skrini yake. Masharti ni machache. Akiwa dume ni wangu, akiwa mgonjwa ni wangu, akifa ni wangu. Nikauliza kama naweza kungoja nimwone kwanza. Akasema naweza, ila kuna watu wawili wengine wanaomtaka, na anayelipa sasa anaongezewa kengele ya shingoni. Bure!

Mashine nimeibeba mwenyewe hadi ng'ambo. Nilimpigia Ledama kumpa habari. Safari hii hakucheka. Aliuliza tu kama Mama Judy amekubali. Nikasema ni zawadi yake.

Waruguru yuko jikoni anakanda unga. Bado sijamwambia. Kengele niko nayo hapa mfukoni, naitikisa polepole asisikie. Ina sauti nzuri sana.