Mashine Iliyokataa Mbina

Jumatatu, 11 Julai 1988

Msiba! Asubuhi nimeandika "mwadila", kompyuta ikajibu kwamba haijui neno hilo. Nikaandika "mbina". Haijui! Mashine imekaa Shinyanga miaka miwili, haijui mbina!

Maneno hayo ni vifupisho vya amri nilivyoweka mwenyewe. Mwadila, salamu yetu, hufungua hesabu ya pamba ya maghala yote. Mbina huichapa. Amri zenyewe ni ndefu, Kiingereza kitupu, na nilikwisha acha kuzikumbuka. Nilichagua Kisukuma ili Apolonia, karani mwenzangu, Mhaya, asibahatishe.

Ijumaa wakubwa wanakuja kutoka Dar. Meneja wetu, Bwana Stanslaus, amesema atakayewachapia hesabu hiyo ndiye atakayekwenda Arusha kwa mafunzo ya miezi sita. Ni mimi, nani mwingine? Ukweni Samuye nimeshaaga. Mbuzi wa safari nimeshamla.

Mhalifu namjua. Jumamosi fundi Akida alishinda humu akiifanyia mashine marekebisho. Akida ni Mzaramo, mimi Msukuma. Watani! Ameyaficha maneno yangu ya Kisukuma, anangoja nimbembeleze. Atangoja sana.

Jumanne, 12 Julai

Utani hujibiwa kwa utani. Chumba cha kompyuta huingiwa bila viatu, kwa sababu ya vumbi. Akida ameacha vyake mlangoni, vyeusi, vya ngozi. Nimevitia katika mfuko wa sampuli za pamba na kuvipeleka nyumbani.

Niliporudi, nilikuta watu wanatoka chumbani. Apolonia akasema nimekosa somo, Akida amewaeleza mabadiliko yote ya mashine, nikitaka, atanielekeza. Nikamshukuru, nikasema mimi si mwanafunzi.

Akida ameondoka na malapa ya mlinzi, akitangaza kuwa hatimaye Wasukuma wamegundua viatu. Anacheka! Anajifanya hajui.

Jumatano, 13 Julai

Nimemweleza waziwazi: arudishe alichochukua, nami nitarudisha nilichochukua. Akasema Wazaramo hawakuchukua kitu kwetu isipokuwa mashangazi zangu, na hao wenyewe wamekataa kurudi. Ofisi nzima ikacheka.

Chai imenishinda. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimeandika mbina kwa herufi kubwa. Nimezima mashine, nikawasha. Nimeandika polepole, kwa kidole kimoja, labda haikunielewa vizuri. Haijui.

Alhamisi, 14 Julai

Nimelifungua faili langu la amri. Lipo! Mwadila imo, mbina imo, hata nukta haikuguswa. Basi mbona mashine haiyaoni maneno hayo? Ujanja wa Kizaramo huo: ameacha faili, ameondoa nguvu zake.

Januari, karani wa mizani, amenishauri nimuulize fundi. Nikamuuliza kama na yeye ni Mzaramo. Mke wangu Limi ameuliza viatu vilivyo chini ya kitanda ni vya nani. Nimemwambia ni vya serikali.

Ijumaa, 15 Julai

Wakubwa wamekuja. Nimeketi mbele yao, nikaandika mbina. Haijui. Nikarudia. Haijui. Bwana Stanslaus akakohoa. Mkubwa mmoja akauliza mbina ni nini. Januari akamjibu kuwa ni ngoma. Akauliza kwa nini nataka kompyuta icheze ngoma, na hapo kila mtu akanitazama mimi.

Apolonia akaomba kiti. Akaandika neno moja, "pamba", la kwake mwenyewe. Karatasi zikaanza kumiminika.

Anakwenda Arusha. Masikio yananiwaka kwa aibu. Niliitaka nafasi ile, niliitaka mno.

Jumamosi, 16 Julai

Akida amekuja nyumbani kufuata viatu kabla ya treni yake. Akanipitisha ofisini. Leo hakutania.

"Bwana Makoye, sikukuficha kitu. Programu inayopokea amri ndani ya mashine ni nyingine sasa. Faili lako la zamani hailisomi, inasoma la kwake. Ungeniuliza Jumatatu, tungemaliza kabla ya chai."

Akayahamishia maneno yangu humo, akarekebisha alama mbili tatu. Mbina ikachapa palepale.

Kwa hiyo viatu vimefanya kazi! Kosa langu ni moja tu: nilichukua vyote viwili. Ningemwachia kimoja, angeona uchungu mapema.

Akida amekwenda stesheni, mimi nimebaki ofisini. Januari ndiye atakayeshika kiti cha Apolonia, na sitaki ajue mambo yangu, hivyo amri zote nimezipa majina mapya ya ng'ombe wa babu. Kuchapa sasa ni yule mweusi. Au yule mwenye baka. Jumatatu nitakumbuka.

Limi ameuliza amwambie nini baba yake. Nimemwambia aseme nimekwisha ondoka, niko Arusha. Baba mkwe huja mnadani kila wiki, na mnada uko mkabala na ofisi yetu. Si neno. Dirisha la nyuma ni pana, na miezi sita si mingi.